Katikati ya Mbeya na Iringa

Nilipokuwa kijana nilidhani mpima ardhi ni mtu mwenye kifaa cha miguu mitatu. Mama yangu alidhani ni mtu mwenye saini. Kati yetu wawili mwenye akili alikuwa mama, ila ilinichukua muda na matope mengi kulikubali hilo.

Miaka ile ya sabini nilikuwa nimetoka chuoni Dar es Salaam na kupangiwa ofisi ya ardhi Mbeya. Nilikuja na cheti, na suruali ya bugaluu iliyofagia Soko Matola lote, na viatu vya raizoni vilivyoniongezea kimo ambacho Mungu hakuona haja ya kunipa. Nilijiona, na wala sisemi nilijiona kidogo. Kuna siku nilikuwa natembea mjini na miguu ya kifaa begani wakati hakuna cha kupima, ili tu watu wajue nani anapita. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini mimi koti sikufunga vifungo, tai isije ikafichika.

Kilichonikosesha raha ni hiyo saini. Katika kazi yetu, ramani haikuwa ramani mpaka isainiwe na mpima aliyekubaliwa na chama chetu cha wapima. Chama kilikuwepo kwa ajili hiyo hasa: kutenganisha mpima na mtu aliyeokota futi kamba njiani. Mpima akikosea, kuna mtu ataamka siku moja aambiwe migomba yake ni ya jirani. Kwa hiyo wazee wa kazi wanakuangalia kwanza, wanakupa mtihani, halafu wanakupigia kura. Wakikukubali, jina lako linakaa peke yake chini ya ramani. Wasipokukubali, jua linakuchoma wewe, anasaini mwingine.

Nilikuwa nimepima uwanja wa kanisa huko kwetu, juu mlimani, Usafwa. Siku ya kupima mama alileta chai mpaka uwanjani, akapita njia ndefu, akasimama katikati ya mstari wangu ili waumini wote waone mpima ni mtoto wa nani. Ramani ilipokamilika ikatundikwa kanisani, na chini yake kukawa na jina la mzee wa ofisini kwetu. Mama mmoja wa kwaya, aliyejua kusoma kuliko ilivyohitajika, akauliza mbele ya watu mbona jina si la mtoto wa fulani. Mama yangu alingoja mpaka nilipokwenda kumsalimia.

"Kwa hiyo wewe mwanangu," aliniambia huku anamenya viazi, "mkono wako ni wa kuazimwa?"

Iliniuma, na nikaapa kwamba mwaka ule hauishi kabla sijakubaliwa na chama.

Sasa, tawi letu lilikuwa moja kwa Mbeya na Iringa, na wanachama walikuwa wachache kiasi kwamba mmoja akiumwa tumbo, kikao kimekufa. Mwenyekiti alikuwa wa Mbeya, mzee wa Kinyakyusa, mtaratibu, anayeongea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Makamu wake alikuwa wa Iringa, Mhehe aliyenyooka kama fito, mkali, asiyependa kungojeshwa. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa hata kilomita zote zile za katikati hazikuwatosha. Mwenyekiti alitaka mkutano ufanyike Mbeya. Makamu alitaka Iringa. Mkutano ukawa haufanyiki, na mimi nikawa sikubaliwi.

Ukitaka kujua katikati ya Mbeya na Iringa, muulize dereva wa lori. Atakuambia Makambako, na atakuonyesha na mahali pa kula nyama. Sisi sote tulilijua hilo. Lakini Makambako ilikuwa mkoa wa Iringa, na mwenyekiti alisema hawezi kwenda kuongoza kikao ugenini akaonekana ameitwa. Akapendekeza Igawa. Makamu akajibu kwamba Igawa ni Mbeya iliyojificha.

Mwishowe mwenyekiti akasema neno ambalo lilionekana la busara. "Sisi ni wapima. Mbona tunabishana kama madalali? Katikati ipimwe." Makamu akakubali, akaongeza kwamba apime yule kijana anayetaka uanachama, na huo uwe ndio mtihani wake.

Mtu mwenye akili timamu angepanda Land Rover, akasoma mita ya gari toka Mbeya hadi Iringa, akagawa kwa mbili, akarudi nyumbani kula. Mimi nilikuwa na cheti. Nikawaambia wazee kwamba barabara si umbali. Barabara inazunguka milima, inatafuta madaraja, barabara ni uvivu wa wahandisi. Umbali wa kweli ni mstari ulionyooka. Nikajifungia ofisini na vitabu vya logi na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, nikazungusha mpaka bega likavimba. Upande wa Mbeya nikaanzia stesheni mpya ya reli, Iyunga. Upande wa Iringa nikaanzia posta. Jibu lilipopatikana nikalipigia mstari chini mara mbili, nikaweka nukta kwenye ramani. Nukta ikaangukia mbuga ya Usangu, kati ya Rujewa na Madibira, mahali ambapo ramani ilikuwa na alama za majani ya maji na si kitu kingine.

Nilipopeleka jibu hakuna aliyecheka. Hapo ndipo watu wa kazi nyingine wanaposhindwa kutuelewa. Walimu wangesema kijana ana malaria. Wapima walizikagua hesabu zangu, wakaona zimefunga bila tofauti hata kidogo, wakasema basi, mkutano ni hapo. Hesabu ikifunga mpima anaenda, hata kama imefungia katikati ya mto.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua imeisha kwenye kalenda tu. Nilitangulia siku moja kabla pamoja na vibarua, tukaitafuta nukta kwa vipimo mpaka tukaipata. Ilikuwa karibu kabisa na boma la wafugaji: nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, zizi la miiba, kuku wawili watatu, na mbwa aliyetubwekea kidogo halafu akakata tamaa. Sikubisha hodi. Mama alinifundisha kubisha hodi kabla hajanifundisha kula mwenyewe, lakini nilikuwa na hesabu kichwani na niliogopa zisije zikamwagika. Tulichimba, tukasimika jiwe la zege lenye nondo katikati, kama yale ya mipaka, nikalipaka rangi nyekundu juu ili wazee waone nimefanya kazi ya kitaalamu. Nikaenda kulala Rujewa, nina furaha ya bwana harusi.

Kesho yake wazee walifika. Land Rover ya Mbeya ilinasa kwenye udongo mweusi, ya Iringa ilipokwenda kuivuta nayo ikanasa, na kwa mara ya kwanza tawi zima likawa na msimamo mmoja, yaani kusukuma. Mimi nilisukuma kwa bugaluu na raizoni. Kiatu kimoja kilibaki chini ya mbuga ile na nadhani kipo mpaka leo. Tulipofika kwenye jiwe nilikuwa nachechemea, nimepanda upande mmoja na nimeshuka upande mwingine, na makamu akaniangalia akasema, "Kijana, wewe mwenyewe unahitaji kusawazishwa."

Ndipo tulipoona lile paa. Nusu ya nyasi ilikuwa imeshashuka. Mwanamke alikuwa juu ya nyumba anafungua kamba na kurusha chini mafungu, na mumewe yuko chini anayapanga na kuyafunga vizuri mzigo mzigo, kama watu wanaofanya kazi wanayoijua. Vyungu na ngozi za kulalia vilikuwa vimeshatolewa nje.

Yule mama alituona, akashuka, akapiga goti kidogo akatusalimia. Kisha akaingia kwenye nyumba yake isiyo na paa, akatoka na vikombe na kibuyu cha maziwa ya mgando, akatugawia mmoja mmoja. Tulikunywa. Mgeni ni mgeni, hata akiwa ndiye balaa lenyewe, ila hilo tulikuwa hatujalijua bado.

"Mama, mnahamia wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Hilo mtatuambia nyinyi," akajibu.

Mwenyekiti alikigeuza kikombe mkononi. Mume ndiye aliyeeleza. Walikuwa wametoka Usukumani na ng'ombe wao, wakakaa mahali fulani huko njiani, wakajenga. Siku moja wakaja watu wenye kitu cha miguu mitatu, wakasimika mawe kama lile, wakaondoka bila kusema neno. Haukupita muda ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya, na waliambiwa wakiwa tayari wamechelewa. Waliacha nyumba na paa jipya. Mvua ya mwaka ule iliwanyeshea, na nyasi zao ziliozea kule juu ya nyumba tupu. Kwa hiyo safari hii mke wake alipotoka asubuhi akaliona jiwe, hakuuliza mtu. Alipanda juu kuokoa nyasi.

Hakutulaumu hata kidogo. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya mtu anayeelezea hali ya hewa.

"Mzee, hili si jiwe la kuhamisha watu," makamu alisema, na ule ukali wake sikuusikia. "Ni la mkutano."

"Mkutano wa nani?"

"Wetu. Wapima."

"Mnapima nini hapa?"

Makamu akanitazama mimi. Nikasema, "Katikati."

Yule mzee aliangalia mashariki, akaangalia magharibi. Palikuwa na majani, na ng'ombe, na mbingu. "Katikati ya nini?"

Nimewahi kuulizwa maswali na maprofesa. Hakuna lililonivua nguo kama lile. Nilisimama pale na kiatu kimoja, tai imejaa tope, nikatamani ile mbuga imalize kazi iliyokuwa imeianza kwenye mguu wangu.

Mwenyekiti aliniagiza niling'oe jiwe papo hapo. Nilichukua sululu kwa mikono miwili, nafsi inanisuta, na nilikuwa sijapiga hata mara moja wakati yule mzee alipotembea taratibu, akakunja shuka lake, akakaa juu ya jiwe.

"Liacheni," akasema.

Tukadhani hakuelewa. Mwenyekiti akaanza kumweleza upya kwamba jiwe halina maana yoyote, ni makosa ya kijana, tunaliondoa, wao warudishe nyasi zao wakae kwa amani.

"Nimekusikia," mzee akasema. "Mkiling'oa, kesho watakuja wengine na la kwao. Mkiliacha, wakija nitawaambia hapa pameshapimwa. Jiwe la wapima haliguswi na mtu, hilo nimeliona kwa macho yangu."

Mke wake alikuwa amesimama pembeni na kamba mkononi, hajui arudi juu ya nyumba kufungua au kufunga. Alimtazama mume, akatutazama sisi. Nyumba yake ilikuwa inasubiri kikao chetu.

Kikao kikafunguliwa, basi. Wazee walikaa kwenye vigoda vya wenyeji, mimi nikasimama kama mshitakiwa. Ajenda ya tatu ilikuwa kunikubali mimi. Jiwe likaingizwa kwenye mengineyo. Makamu akaikumbusha katiba ya chama, nayo ilikuwa wazi: mwanachama haruhusiwi kuacha ardhini jiwe ambalo halimo kwenye ramani yoyote. Jiwe la namna hiyo ni uongo uliosimama, na kazi ya chama ni kuhakikisha hakuna uongo wa namna hiyo nchini. Alikuwa anasema kweli. Mzee wa watu alikuwa bado amelikalia, anachokonoa meno.

Mwenyekiti akaanza kuvuka mto wake, jiwe kwa jiwe.

"Makamu," akasema, "katiba inasema mwanachama?"

"Inasema mwanachama."

"Na aliyesimika jiwe hili ni mwanachama?"

Polepole uso mkavu wa makamu ukaanza kulainika. "Bado," akasema. "Mpaka tutakapompigia kura."

Nikaelewa. Mtaniwia radhi, mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu hii niliimaliza kabla yao. Wakinikubali, jiwe linakuwa la mwanachama na lazima ling'oke. Wasiponikubali, jiwe ni la mtu yeyote tu, kijana mmoja mwenye kiatu kimoja, na katiba haina habari naye. Nilimwona mama yangu anamenya viazi. Nilimwona yule wa kwaya. Kusema kweli nilitaka vyote viwili, saini yangu na paa la yule mama, na nilivitaka kwa pupa ileile.

Hawakuniuliza. Ajenda ya tatu pamoja na mengineyo yaliahirishwa mpaka mkutano ujao. Makamu akatoa hoja kwamba mahali pa mkutano ujao papimwe upya, kwa sababu Iringa haianzii posta, inaanzia Kihesa, ambako ndiko kwake. Mimi niliyeharibu nikapewa kazi ya kurekebisha. Wote wakanyoosha mikono. Yule mama aliona mikono imepanda akamuuliza mumewe kitu kwa Kisukuma. Mumewe akamjibu neno moja, naye akapanda juu ya nyumba na kuanza kufunga nyasi. Tulisaidia kumrushia mafungu. Makamu alikuwa na shabaha nzuri.

Nikapima upya toka Kihesa. Mwenyekiti akasema sasa stesheni inaonewa. Nikapima tena. Makamu akasema mashine yangu imechoka. Nilikuwa nazidi kukasirika, maana kila mara nilikuwa sahihi, na nilikuwa na hamu ya kusaini kama mjamzito ana hamu ya udongo. Hatimaye nikaleta jibu ambalo hata mtoto angelikubali. Mkutano ungefanyika Igowole kwa rafiki wa makamu, kwenye nyumba nzuri, chai ya Mufindi mlangoni. Nilikuwa nimetafuta kanuni ya kuifanya hesabu ianguke huko, na kanuni ilipatikana, kwa sababu mtu akiitaka kanuni hupatikana. Mwenyekiti alilisoma jibu lile mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Umekumbuka kwamba dunia ni mviringo?"

Nilikuwa nimekumbuka. Nilikuwa nimeikokotoa mara mbili. Sikuona mzaha usoni kwake, na ndipo nikalikumbuka lile paa.

"Sina uhakika, mzee," nikasema.

"Basi nenda kapime upya. Usiwe na haraka."

Nikapima upya bila haraka. Nikawa fundi wa kukosea. Kila jibu langu lilikuwa na kasoro ndogo ambayo makamu aliiona kwa furaha, na barua zake toka Iringa zikawa za upole kuliko zamani. Vijana walionikuta chuoni wakaja, wakapelekwa mikoa mingine, wakakubaliwa na matawi ya huko, wakasaini. Mimi nikaendelea kupima, wakasaini wengine. Nilipomweleza mama habari za lile paa, aliweka kisu chini. Alinichagulia kiazi kikubwa, na hakuniuliza tena habari za mkono. Yule wa kwaya alipochokoza siku nyingine, nikamsikia mama akimjibu, "Mwanangu anapima. Kusaini ni kwa wenye nafasi."

Baada ya mavuno ya mwaka mmoja huko mbele, nilikuwa Rujewa kikazi, nikapita kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mama mmoja kwenye foleni akaweka gunia lake chini akaja kunisalimia. Sikumtambua mpaka alipotazama miguu yangu, kama anahesabu viatu. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema wapo, ng'ombe wapo. Watu walikuja kweli, na orodha yao, wakaonyeshwa jiwe, wakalizunguka, wakaondoka. Mzee huwa analikalia jioni. Paa wameshalibadilisha, lile la zamani lilikuwa limechoka.

Kisha akasogea karibu, akateremsha sauti kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Na ule mkutano wenu, umeshakaa?"

"Bado, mama. Wazee hawajaelewana mahali."

Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, nayo ilikuwa myeupe kwa pumba za mpunga.

"Mungu awajalie," akasema, "msielewane."

Nikasema amina, nikamsaidia kubeba gunia mpaka kwenye mashine.